Templeti, kiolezo au kigezo? Swali la mhazini wa kikoba

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mi ni mhazini wa kikoba, tuna vikundi vinne na kila kimoja kina mtu wake wa hesabu. Nilitengeneza lahajedwali la hisa na mikopo, tupu kabisa ila fomula zote ziko ndani, ili kila mwezi tusianze upya. Nikatuma linki kwa wenzangu nikaandika 'jazeni fomu hii', basi wote wanne wakajaza humo humo kwenye langu, mwingine kafuta mpaka fomula. Kwa Kiswahili kitu hiki kinaitwaje? Na kukastomaizi ndo kubinafsisha?"

Marahaba. Pole sana kwa hizo fomula, najua inavyouma. Ila wenzako nawaelewa kabisa kwa sababu wamefanya ulichowaambia, fomu si ndo kitu cha kujaza na kurudisha, mtu akiambiwa jaza fomu anajaza ile ile aliyopewa, hawezi kufikiria kwanza atoe nyingine. Ulichotengeneza wewe ni kiolezo. Neno limetoka kwenye kitenzi oleza, yaani kutengeneza kitu kwa kufuatisha mfano, kwa hiyo kiolezo chenyewe hakiguswi, kinabaki pale pale, wewe unatoa nakala yake halafu nakala ndo unaijaza. Ndo maana pia nakushauri usiandike "kiolezo kinachoweza kutumika tena na tena" kama ninavyoona watu wengi wanaandika, hiyo ya tena na tena tayari imo ndani ya neno.

Kigezo nacho si kosa. Wikipedia ya Kiswahili kurasa za namna hiyo inaziita hivyo, Kigezo. Tatizo ni kwamba siku hizi mtu akisikia vigezo anakumbuka "vigezo na masharti kuzingatiwa" ya matangazo ya redio, au vigezo vya kupata mkopo, na kwenye kikoba, ambako mnaongelea mikopo kila kikao, mtachanganyana tu. Templeti kwenye maongezi sawa, simkatazi mtu.

Sasa kubinafsisha, hapo hapana. Kwa Tanzania ubinafsishaji ni mashirika ya umma kupewa watu binafsi, ukiwaandikia wanachama kwamba umebinafsisha hesabu za kikoba nadhani kikao kitaitishwa usiku huo huo. Programu za Google hutumia "geuza kukufaa", nami naipenda, lakini angalia hicho kiambishi "ku" cha katikati maana watu wanakigandisha. Kukufaa ni kukufaa wewe. Nasikia mtu anasema "nimegeuza kukufaa kiolezo changu", hiyo haisimami, sema nimekigeuza kinifae, tumekigeuza kitufae, na ukiwaambia wenzako, kigeuzeni kiwafae. Kama ni kubadili tu jina la kikundi na rangi, kurekebisha kunatosha.

Umeuliza neno lakini na kazi yenyewe naomba niiguse, vinginevyo mwezi ujao yatarudi yale yale. Kwenye Majedwali ya Google ukiwa na linki ya kiolezo, angalia mwisho wake pana neno edit, lifute lote na chochote kinachofuata, uandike copy, hapo anayefungua anaulizwa kwanza kama anataka kutengeneza nakala na chako hakiguswi. Kwa Excel hifadhi faili kama kiolezo, mwisho wa jina itakuwa .xltx badala ya .xlsx, mtu akilifungua kwa kulibofya mara mbili linatoka faili jipya. Na kwenye maelekezo usiseme "safu" peke yake, mmoja ataelewa za kwenda chini mwingine za kwenda pembeni, sema safu wima na safu mlalo, ndivyo Google wanavyoandika pia.

Mimi ningewaandikia hivi: "Wapendwa, hiki ni kiolezo cha hesabu za mwezi. Kila kikundi kitoe nakala yake kwanza, kiipe jina la kikundi na mwezi, ndipo kijaze. Seli zenye rangi zina fomula, tusiandike humo." Na hizo seli kweli uzipake rangi kabla hujatuma.