Jiko chumbani, vita redioni

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, Njombe. Baridi hii ya Julai nalala na jiko la mkaa chumbani, redio ikitangaza vita hadi usiku wa manane. Naamka kichwa kinauma. Ni mawazo?

JIBU: Pole, mzee wetu. Litoe jiko leo hii! Mkaa, hata usiotoa moshi, hutoa gesi ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi: haina harufu, na huua mtu usingizini. Tumia chupa ya mpira: jaza theluthi mbili kwa maji moto yasiyochemka, ibane hewa itoke, funga, vingirisha taulo, weka miguuni. Habari sikiliza mara moja, mchana. Kichwa kikizidi kuuma, nenda zahanati. Wapime na presha, maana baridi huipandisha.