Nunua kalibu, usinunue boksi

Gari langu la kwanza la plastiki, modeli ya kujiunganishia mwenyewe, lilikuja kama malipo ya kioo cha simu. Mimi ni fundi simu hapa Mtwara mjini, na mteja wangu mmoja, mgeni aliyekuwa kwenye kazi za gesi huko Msimbati, mkataba wake uliisha ghafla. Akaja kibandani na boksi kwapani. Juu limechorwa Chevrolet Bel Air ya 1957, nyekundu, mapezi ya nyuma yamesimama kama ya papa. Akasema ni modeli ya zamani sana. Nikafungua: fremu za plastiki nyeupe zenye vipande vingi, matairi manne ya mpira, karatasi ya maelekezo. Pembeni ya boksi, mwaka uliochapishwa ni wa juzijuzi tu. Nikajua nimepigwa.

Kumbe sikupigwa, na nilivyokuja kuelewa kwa nini, nimeokoa hela nyingi.

Vigari hivi hutengenezwa kwa kushindilia plastiki ya moto ndani ya kalibu, yaani chuma kilichochongwa umbo la vipande. Plastiki yenyewe si kitu, gharama iko kwenye kalibu, na kalibu likitunzwa linaishi miaka na miaka. Kampuni ya AMT ilianza Michigan mwaka 1948, ikitengeneza vigari vidogo ambavyo wauza magari wa Marekani waliwaonyesha wateja wao. Mwaka 1958 ikaanza kuuza vya kujiunganishia mwenyewe, boksi moja lakini unachagua utengeneze gari la kawaida, la mashindano au la mbwembwe. Baadaye makampuni yakamezana. AMT ikaenda kwa Lesney, wale wa vigari vya Matchbox, kisha kwa Ertl, na leo jina hilo liko kampuni ya Round 2, pamoja na la MPC, kampuni nyingine ya modeli. Monogram nayo iliunganishwa na Revell mwaka 1986. Kila mwenye mali mpya anaingia stoo, anatoa kalibu la enzi hizo, anamwaga plastiki mpya na kuchapisha boksi lenye mchoro uleule wa zamani. Hayo ndiyo matoleo ya marudio. Kwa hiyo Bel Air yangu ilikuwa na umri wa plastiki na umri wa kalibu, na wa pili ndio unaokuhusu unapotoa hela.

Boksi litakudanganya, si kwa ubaya, ndiyo kazi yake. Kabla ya kulipa, ingia tovuti ya Scalemates, andika jina la modeli, utaona kalibu lilitoka lini na limerudiwa mara ngapi. Kisha tafuta picha za fremu zenyewe. Mimi natazama vitu viwili. Cha kwanza ni chesi: kama ekzosi, difu na springi vimeganda pamoja kwenye sahani moja ya plastiki, hilo ni kalibu la enzi za vigari vya wauza magari. Cha pili kilinichekesha siku ya kwanza nilipokiona. Kwenye injini kuna tundu lililotoboka ubavu hadi ubavu, na kijiti cha chuma kinachoshika matairi ya mbele kinapita humo katikati. Injini imetobolewa kama mshikaki! Fundi gereji yeyote wa Chikongola angekuuliza gari hilo linatembeaje. Lakini miaka ya 1960 lengo lilikuwa mtoto aweze kulisukuma sakafuni, matairi yazunguke.

Sisemi usinunue la namna hiyo. Mimi napenda hasa hayo, kwa sababu vipande vyake ni vichache na unamaliza. Lililonitoa jasho ni Bel Air nyingine, ya Revell, kalibu la miaka ya 1960 pia, ambalo milango, boneti na buti vyote vinafunguka. Kwenye picha ni tamu ajabu. Mlango wa kulia ulinichukua siku nne. Naukwangua ukingo kwa wembe, naujaribu, unagoma. Nakwangua tena, unaingia lakini chini unabinuka. Mwisho ukaingia wote, na upenyo uliobaki juu unapitisha laini ya simu. Najua kwa sababu niliipitisha. Kama ndiyo kwanza unaanza, milango ya kufunguka waachie wengine. Tafuta lenye bodi ya kipande kimoja.

Vifaa visikutishe. Kibano, taa yenye lenzi na wembe ninavyo vya simu. Vipande navikata kwenye fremu kwa kikata kucha, kisha nagusa kwa msasa laini wa maji. Kalibu lililochoka huvujisha utando mwembamba wa plastiki pembezoni mwa vipande, kama ukoko wa chapati, na huo unaukwangua wote kabla hujashika gundi. Vibanio vya nguo vinashikilia bodi wakati inakauka. Na kabla ya yote osha fremu kwa sabuni ya vyombo, kwa sababu hutoka kiwandani na mafuta ya kalibu, na rangi haishiki juu ya mafuta.

Gundi ya kweli ya kazi hii ni ile inayoyeyusha plastiki kidogo, pande mbili zikaungana zikawa kitu kimoja. Supagluu ninayo kwa vioo vya taa, ingawa nayo ukizidisha kioo kinapata ukungu. Tina ya gereji sahau kabisa. Nilitaka kufuta rangi iliyonichuruzika kwenye boneti, nikachovya kitambaa kwenye tina, nikapangusa mara mbili. Mara ya tatu boneti ilikuwa imelainika kama ubwabwa, alama za vidole vyangu zimebaki juu yake. Ninayo mpaka leo kibandani, wateja wanadhani ni simu iliyoungua.

Rangi ndiyo habari kubwa kwa sisi wa pwani ya kusini. Maelekezo mengi ya mtandaoni yameandikwa na watu wenye hewa kavu. Rangi yangu ya kwanza niliipuliza mwezi Machi, mvua imetoka kukatika, uani kwangu. Ndani ya dakika chache wekundu wote ukafunikwa na weupe kama umepakwa unga wa muhogo. Nikaipeleka kwa mzee mmoja jirani, fundi rangi wa magari makubwa.

"Shikamoo mzee. Rangi hii ni feki, angalia."

"Marahaba. Rangi haina kosa, mwanangu. Umeifungia maji ndani."

Akanieleza: dawa iliyomo kwenye rangi inapopaa, inaupoza uso wa kitu, na hewa yenye unyevu inaachia maji papo hapo. Rangi inakauka na ule ukungu ndani. Dawa yake ni kusubiri siku kavu, kisha upulize tena mkono mwepesi juu yake. Nilifanya hivyo, weupe ukapotea karibu wote, umebaki kidogo chini ya dirisha la nyuma.

Tangu hapo, mvua zikianza Novemba au Desemba mimi nakata, naunganisha, napiga msasa, basi. Kupuliza ni kuanzia Juni, kusi ikishashika na hewa imekauka. Hata hapo kuna saa zake: asubuhi sana umande bado upo, alasiri upepo unarusha mchanga. Saa nne asubuhi ndiyo yangu. Kopo naliweka kwanza kwenye maji ya uvuguvugu, si ya moto, rangi itoke laini. Ukishapuliza, funika gari kwa beseni, maana vumbi la Mtwara halina adabu.

Mambo mawili madogo nayataja haraka. Bampa na shoo huja zimepakwa utando unaong'aa kama nikeli, na kwenye marudio mengine utando huo umewekwa mnene mpaka mistari imezama. Loweka kwenye jiki, utatoka wote, upake rangi yako ya fedha. Na matairi ya mpira laini yasiguse plastiki kwa miezi mingi ndani ya boksi, kwa kuwa mafuta ya ule mpira hula plastiki. Yafunge kwenye kifuko chake. Nilichelewa kujua, na Bel Air ile ya kwanza ina kovu kwenye paa.

Kuhusu kuweka akiba: kuna wanaonunua na kufungia kabatini wakingoja bei ipande. Kwa boksi la asili la miaka ya 1960 lisilofunguliwa, sawa, hilo ni jambo jingine. Kwa marudio, mwenye kalibu anaweza kumwaga mengine elfu mwakani, na lako likabaki kuwa plastiki tu. Fungua, tengeneza. Na kwa kuwa usafirishaji na VAT ya asilimia 18 huuma kuliko bei ya modeli, mimi naagiza mbili kwa mpigo, mara moja kwa mwaka, hela za korosho zikishaingia mtaani na watu wakikumbuka kwamba simu zao zina nyufa.

Sasa hivi mezani kuna Mercury ya 1949 ya AMT, paa la mviringo, dirisha la nyuma dogo kama la mihrabu. Bodi imeoshwa, imepigwa msasa, iko kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Kopo la buluu nimeshanunua. Mwanangu ananiuliza kila jioni kama ni leo, na mvua iko palepale juu ya bati.