Kutoka ufundi magari VETA kwenda ufundi ndege: chuo si kigumu kama hanga

Mkuu, nimelielewa swali lako hivi: mdogo wako wa kike kamaliza ufundi magari VETA hapo Dodoma, form four ana C ya Fizikia na D ya Hesabu, sasa anataka ufundi ndege. Unauliza asome wapi, kama huo ufundi magari utamfaa, na kama uwanja mpya wa ndege wa Msalato, hapo Dodoma, ukianza kazi atapata ajira nyumbani. Mimi ni mtoto wa Chang'ombe ya Dodoma, kazi yangu ndiyo hiyo, niko Dar kwenye ndege za pangaboi. Nitaongea ninayoyaona kazini.

Waliotangulia kujibu wamekwambia asome diploma miaka mitatu, atoke fundi ndege. Hapo ndipo vijana wengi wanapokuja kulia. Anayetoka chuoni na diploma anaruhusiwa kushika spana chini ya jicho la mtu mwingine, basi. Mwenye mamlaka ya kusaini kwamba ndege hii sasa iruke ni yule mwenye leseni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na leseni hiyo haitolewi na chuo. Viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ambavyo ndivyo nchi zinajengea kanuni zao, vinataka mwombaji awe ametimiza miaka 18, afaulu mitihani, na awe amefanya kazi kwenye ndege zenyewe kwa miaka 4, au 2 kama alipitia mafunzo yaliyoidhinishwa. Kazi hizo zinaandikwa moja moja kwenye logibuku, daftari lako la kumbukumbu za kazi, na aliyekusimamia anasaini. Na hata leseni ukiipata, kila aina ya ndege kubwa ina kozi yake. Aliyesomea Q400, ndege ya pangaboi, hawezi kusaini Airbus A220, ndege ya jeti, ingawa zote mbili zilianzia mikononi mwa Bombardier.

Kwa hiyo shida kubwa ya mdogo wako haitakuwa kupata chuo. Itakuwa kupata hanga, yaani karakana ya ndege, litakalompokea baada ya chuo, ajaze hiyo logibuku. Nina niliosoma nao, vichwa kabisa, wamekaa na vyeti vyao mpaka wameishia kufungua maduka ya vipuri vya bodaboda kwa sababu hawakupata pa kujitolea. Wengine waliokuwa wa kawaida tu darasani leo wanasaini ndege, maana walianza kubisha hodi kwenye makarakana wakiwa bado mwaka wa pili, kila likizo.

Kwa hapa nchini chuo cha kuanza nacho kumuulizia ni NIT, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, pale Mabibo, Dar. Nje jirani kuna East African School of Aviation ya Nairobi na chuo cha Ethiopian kule Addis Ababa, ila andaa mfuko. Popote mtakapokwenda, msiishie kuuliza ada. Ulizeni kozi hiyo, kozi yenyewe na si chuo kwa ujumla, ina kibali cha TCAA na kinaisha lini. Ulizeni wanafunzi wanafungua injini gani kwa mikono yao. Ulizeni mafunzo ya vitendo wanapelekwa kampuni zipi, kisha mpigieni simu aliyemaliza mwaka jana mumuulize yeye. Na jihadharini na vile vyuo vyenye picha ya ndege kubwa getini ambavyo ukisoma fomu vizuri unakuta wanafundisha kukata tiketi, kuhudumia abiria na kupakia mizigo. Ni kazi halali, lakini hazimpeleki kwenye spana. D ya Hesabu ni pasi, ila vigezo hubadilika, hivyo angalieni mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, wa mwaka huo huo. Hesabu yenyewe aanze kuipiga msasa sasa hivi, chuoni haimsubiri mtu.

Sasa ufundi magari. Utamsaidia sana, na utamsumbua vile vile. Utamsaidia kwa sababu haidroliki, umeme na mwako wa injini hatavisikia kwa mara ya kwanza, na mkono wake umeshazoea chuma. Utamsumbua kwa zile tabia za gereji: "kaza mpaka igome", "hii boliti inafanana, weka", "bosi tumebakiza nati moja lakini gari linawaka". Kwenye ndege nati ikibaki, hakuna anayekwenda nyumbani.

Mwambie asome habari ya ndege ya British Airways, BAC One-Eleven, ya Juni 10, 1990. Ilitoka Birmingham kwenda Málaga, na ikiwa inapanda kioo cha mbele upande wa kapteni kikang'oka, kapteni akavutwa nje hadi kiunoni, wahudumu wakamng'ang'ania mpaka rubani msaidizi akatua. Kapteni alipona, sijui niite nini kama si muujiza. Chanzo? Kioo kilikuwa kimebadilishwa saa 27 hivi kabla ya safari ile. Kati ya boliti 90 zilizofungwa, 84 zilikuwa nyembamba kuliko zinazotakiwa, tofauti haifiki hata milimita moja. Aliyezifunga alikuwa mtu mwenye uzoefu, si mwanafunzi. Alizilinganisha na zile za zamani kwa macho, hakufungua katalogi ya vipuri. Yaani kafanya kile ambacho gereji zetu zote, kuanzia Majengo hadi Kizota, zinafanya kila siku, na gari linatembea.

Hiyo ndiyo sababu miezi ya mwanzo kwenye hanga inachosha watu wa gereji. Unafungua na kufunga mifuniko ya ukaguzi, unaosha sehemu za magurudumu, unahesabu vifaa. Kila kifaa kina kivuli chake, mchoro wa umbo lake, kwenye ubao, na zamu ikiisha kivuli kimoja kikiwa wazi, ndege inabaki chini hadi kifaa hicho kionekane. Halafu kuna ule waya wa usalama, waya mwembamba wa chuma unaopitishwa kwenye vitundu vya boliti ili zisilegee kwa mtikisiko. Unausokota kwa koleo yake maalum, kwa waya wa kawaida misokoto 6 hadi 8 ndani ya inchi moja, na lazima uvute boliti kuelekea upande wa kukaza. Ukiuelekeza upande wa kulegeza, umefunga pambo tu. Mzee aliyenifundisha hakuwa anasema kitu. Anauangalia kwa tochi, anaukata, anakurudishia koleo. Waya uliokatwa hautumiki tena, unachukua mpya. Kuna jamaa yetu mmoja, fundi mzuri wa Scania, alisusa kwa hili hili, akasema hajaja mjini kusuka nywele.

Kuhusu Kingereza, najua kinamtia hofu. Miongozo ya ndege imeandikwa kwa Kingereza cha kiufundi kilichorahisishwa kwa makusudi: sentensi fupi, kila neno na maana yake moja, kwa sababu waandishi wanajua mafundi wengi duniani hawakukulia kwenye lugha hiyo. Akisoma kurasa chache kila siku atazoea ndani ya muda mfupi. Kinachowashinda watu ni uvivu wa kufungua mwongozo wakati kazi wanadhani wanaijua.

Msalato sasa. Mkuu, nami natamani. Lakini uwanja wa ndege na hanga la matengenezo ni vitu viwili. Matengenezo makubwa hufanyika pale ndege zinapolala na vipuri vinapokaa, na kwa sasa hapo ni Dar kwanza, kisha Kilimanjaro, na Arusha kwa zile Cessna Caravan za watalii. Uwanja mpya ukianza kupokea ndege nyingi utahitaji mafundi wachache wa kukagua ndege kati ya kutua na kuruka, na hao watakuwa ni watu wenye leseni tayari, hawatachukua mwanafunzi. Asipange maisha yake kwa kusubiri Msalato. Aende ziliko ndege, siku hizi na treni ya SGR ipo, Dar si mbali tena.

Na kuhusu hofu ya mama yenu kwamba hii si kazi ya mtoto wa kike, mabinti wapo, na mmoja ndiye anakagua kazi zangu zamu ya usiku. Mwambie mama hivyo hivyo. Halafu wewe leta hapa jina la kozi na vigezo mtakavyopewa chuoni, tuviangalie kabla hamjalipa chochote.