Jibu: Kuzindua mkusanyiko wa kikundi kwenye maktaba ya mkoa

Ndugu yangu wa Morogoro, hongereni sana. Nimekuelewa: kitabu cha hadithi na mashairi cha kikundi chenu cha waandishi kiko tayari, mnataka kukizindua maktabani, fedha ni kidogo na wanachama wote wanataka kusoma.

Kabla ya kadi za mwaliko, malizeni makaratasi. Kila mwandishi asaini ukurasa mmoja: ameruhusu kazi yake itumike katika kitabu hiki tu, hakimiliki inabaki kwake, na jinsi mapato yatakavyogawanywa. Aliye chini ya miaka 18, mzazi asaini. Nimeona vikundi vikivunjika kwa fedha isiyofika hata laki mbili, kwa sababu tu hakuna kilichoandikwa. ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Iombeni mapema, maana namba inatakiwa iwemo kitabuni kabla ya kuchapa. Ulizeni pia kuhusu nakala ambazo sheria inataka ziwekwe kwao.

Siku yenyewe wasisome wote. Wasomaji watano, dakika nne nne, wanatosha. Wengine waitwe majina wasimame wapigiwe makofi. Mgeni rasmi akichelewa, anzeni na mashairi. Muulizeni mkutubi kama kuuza ndani kunaruhusiwa, na meza ya vitabu ikae karibu na mlango, ikiwa na chenji ya elfu moja moja.

Akitokea mchapishaji anayetaka haki zote, msisaini papo hapo. Mkataba usomwe kwanza na wakili, au mwende COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, mkaulize.