Gari la mjomba linachemsha Kitonga: nilichukue au niliache?

*Shangazi, shikamoo. Ni baba wa watoto wawili, naishi Iringa. Mjomba, kaka yake mama, anauza Toyota Premio yake ya 2003, injini ya 1800, kwa milioni 7.5. Ninazo milioni 5, zilizobaki nitakopa saccos. Mwenyewe anakiri linakula oili, na likipanda mlima Kitonga, kwenye barabara ya Dar, mshale wa joto hupanda mpaka asimame kulipoza. Anasema ni ringi tu, fundi wake atamaliza kwa laki sita. Mke wangu hataki hata kulisikia, na yeye ndiye atakayelitumia kufuata mzigo Dar kila mwezi. Mama anasema nikikataa nitakuwa nimemdharau mjomba aliyenisomesha. Nifanyeje? – Njia Panda*

Marahaba mwanangu.

Mjomba wako amefanya jambo ambalo wauza magari wengi hawalifanyi: ametaja ubovu kabla hujauliza. Usilisahau hilo utakapokaa kuzungumza naye. Lakini amechukua magonjwa mawili akayapa dawa moja. Kula oili ni ugonjwa mmoja, kuchemsha ni mwingine, na ringi haziponyi kuchemsha.

Oili kwanza, maana ndiyo nyepesi. Injini hiyo ni 1ZZ-FE, na zile za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa tabia hii. Kila pistoni ina ringi tatu. Mbili za juu hushika kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, ya tatu hukwangua oili ukutani mwa silinda, na oili hiyo inatakiwa irudi sampo, bakuli la oili chini ya injini, kupitia vitundu vilivyo nyuma ya ringi. Kwenye pistoni za awali vitundu hivyo ni vichache na vyembamba. Oili ikicheleweshwa kubadilishwa, masizi huviziba, ringi huganda mahali pake, na oili hupanda kwenda kuungua. Baadaye Toyota ilibadilisha pistoni zikawa na matundu makubwa zaidi. Kwa hiyo fundi akikuwekea ringi mpya kwenye pistoni zile zile za zamani, amekupa nafuu ya muda tu. Muulize mjomba: hiyo laki sita ina pistoni mpya ndani yake? Ina gasketi kamili, valvu sili 16, beringi na bolti 10 za hedi, kile kichwa cha juu cha injini? Au ni ufundi na ringi peke yake?

Hata hivyo, gari linalokula nusu lita kwa safari ya Iringa hadi Dar na kurudi, yaani kama kilomita 1,000, mtu anaweza kuishi nalo kwa miaka akiweka galoni ya oili kwenye buti na kuchungulia kijiti cha kupimia oili kila akijaza mafuta. Likifika lita moja kwa safari hiyo, hesabu nyingine. Plagi zitachafuka, masega ya kusafisha moshi ndani ya ekzosi yataziba, na siku mtu akisahau kuchungulia, beringi za krenki zitakosa oili na injini itanoki akiwa njiani.

Kinachonitisha mimi ni ule mshale. Mjomba huenda akakwambia Kitonga kila gari linachemsha. Si kweli. Gari dogo lenye rejeta nzima hupanda pale nyuma ya semi, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, na mshale usitikisike. Tena mshale wa Toyota una upole wa kupotosha: hukaa katikati hata joto likipanda na kushuka, ukianza kuinuka ujue maji yameshapata moto hasa. Silinda hedi ya injini hii ni ya aluminiamu, na kiwango cha kupinda kinachoruhusiwa ni 0.05 ya milimita, chini ya unene wa unywele. Kila mara mjomba alipochelewa kusimama, hedi ilipata nafasi ya kupinda. Ikipinda, gasketi iliyo kati yake na bloku ya injini haikandamizwi sawasawa, gesi ya moto hupenya kwenye maji, na kuchemsha kunazaa kuchemsha zaidi. Joto hilo hilo ndilo linalokaanga oili kwenye ringi, kwa hiyo inawezekana ugonjwa wa kwanza umekuzwa na huu wa pili.

Sasa, kuchemsha kuna sababu zinazotibika kwa shilingi elfu kumi na sababu zinazodai milioni. Mfuniko wa rejeta uliolegea, feni isiyozunguka, rejeta iliyoziba kutu kwa sababu ilijazwa maji ya bomba badala ya kulanti (maji maalumu ya rejeta), themostati iliyong'olewa na fundi kwa kisingizio cha kupoza: haya yote yanatengenezeka bila kufungua injini. Gasketi iliyoungua na hedi iliyopinda ni habari nyingine kabisa. Kazi yako kabla ya kutoa hata senti ni kujua uko upande gani.

Mwombe mjomba alilaze gari bila kuliwasha tangu jioni, uende alfajiri na fundi wako, si wake. Gusa boneti, ikiwa ya uvuguvugu, rudi siku nyingine. Gari likiwa baridi kabisa (mfuniko wa rejeta haufunguliwi gari likiwa la moto, utaungua uso) chungulia maji. Utando wa oili juu yake ni dalili mbaya. Chomoa kijiti: oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa ni dalili mbaya zaidi. Povu dogo jeupe chini ya mfuniko wa oili peke yake lisikutie hofu. Asubuhi za baridi za Iringa huleta umande kwenye gari la safari fupifupi.

Funga mfuniko, washa, na shika mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa mgumu kama tairi lililojazwa ndani ya dakika mbili, wakati maji bado baridi, hiyo si nguvu ya mvuke. Ni gesi ya silinda. Kuna pia kipimo cha kichupa chenye dawa ya bluu kinachowekwa mdomoni mwa rejeta injini ikizunguka: dawa ikigeuka njano, gasketi inavuja. Hiki ndicho kipimo ninachotaka ukifanye hata kama vingine vyote utaviacha.

Angalia moshi wakati huo huo. Mvuke mweupe unaokwisha injini ikipata joto ni wa kawaida, mweupe usiokwisha ni maji yanayoungua. Wa bluu unaotoka mara moja tu baada ya gari kulala ni valvu sili. Wa bluu unaofuata kila ukikanyaga mafuta ni ringi.

Kisha kompresheni. Injini iwe ya moto, plagi zote nne zitolewe, koili na mafuta vikatwe, pedali ikanyagwe hadi chini huku stata ikizungushwa. Kitabu cha injini hii kinataka karibu psi 189 (psi ni kipimo cha mgandamizo, kama cha upepo wa tairi), kisipungue 145, na tofauti ya silinda na silinda isizidi 15. Ila hizo ni namba za usawa wa bahari. Iringa iko juu, hewa ni nyepesi, na kipimo hushuka kwa takriban sehemu moja ya sita, kwa hiyo usishtuke ukisoma 155 au 160. Tazama tofauti. Silinda mbili zilizopakana zikiwa chini pamoja, hiyo ni gasketi. Moja ikiwa chini, tia kijiko cha oili kwenye tundu lake upime tena: ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu. Na usidanganywe na namba nzuri. Ile ringi ya kukwangua oili haihusiki na kompresheni, kwa hiyo injini inaweza kupima vizuri kabisa na bado ikanywa oili.

Majibu yakionyesha gasketi, bei ya milioni 7.5 imekufa hapo hapo. Lihesabu gari kama halina injini. Piga simu kwa wauza spea wa Ilala na Gerezani, Dar, upate bei ya 1ZZ ya mtumba, ongeza usafiri, ufundi, oili, kulanti na gharama ya kubadilisha namba ya injini kwenye kadi, halafu utoe jumla hiyo kwenye bei ya Premio nzima ya mwaka huo. Kinachobaki ndicho cha kumtajia mjomba. Na ujue injini ya mtumba nayo ni mbuzi kwenye gunia, kwa hiyo acha akiba. Hapo ndipo hesabu yako ya saccos inaponipa mashaka: unakopa hadi shilingi ya mwisho kununua gari ambalo tayari linadai matengenezo. Kama milioni 5 zako hazitoshi gari na ubovu wake, jibu ni hapana, bila kujali linauzwa na nani.

Majibu yakionyesha rejeta au feni tu, na oili haizidi nusu lita, gari linafaa kuzungumziwa. Litengenezwe kwanza, ndipo ulipe.

Kwa mjomba nenda wewe mwenyewe, usimtume mama. Mwambie hivi: "Mjomba, gari nimelipenda na sitaki likatutie maneno. Niruhusu nilipeleke likapimwe, gharama ni yangu, na karatasi ya vipimo nitakuletea wewe kwanza." Mzee aliyetaja ubovu kwa mdomo wake hatakasirishwa na hilo. Mkikubaliana, msilipane kwa mafungu huku gari likitembea, maana likifia njiani mwezi wa pili hakuna atakayejua ni la nani. Andikianeni mbele ya mwanasheria, umiliki ubadilishwe TRA, na uhakikishe namba ya chesi na ya injini zinalingana na kadi na hakuna faini za trafiki zinazodaiwa.

Mama mwambie ukweli kwamba atakayekwama gizani na mzigo ni mkwewe. Mkeo hajamdharau mtu, ameona mshale.

Likishatengenezwa, jazeni mzigo kama ule wa Dar, mteremke hadi Ruaha Mbuyuni, mgeuze. Chomekeni kifaa cha kusoma joto halisi. Likizidi nyuzi 105, simameni. Mkeo ashike usukani, kiyoyozi kiwe kimewashwa, mjomba akae kiti cha mbele. Likipanda Kitonga na kufika Ilula bila mshale kuinuka, kesho yake nenda saccos.