Zamu za saa 12, likizo "iliyokufa" na shoti ya kaunta: nidai vipi?

Swali: Habari za kazi, kaka. Mimi ni mhudumu wa mapokezi katika hoteli moja hapa Mwanza, niliajiriwa tarehe 1 Machi 2023. Mshahara wa msingi ni shilingi 390,000 kwa mwezi. Tunafanya zamu za saa 12, siku sita kwa wiki. Wiki hii mchana, wiki ijayo usiku. Ovataimu hatujawahi kuiona, meneja anasema mshahara umejumuisha kila kitu. Likizo nimepata siku 7 tu, Desemba 2023. Nikiomba naambiwa nisubiri wageni wapungue, na juzi kaniambia ile ya mwaka wa kwanza imeshakufa. Mwisho wa Juni kaunta ilionekana ina shoti ya 120,000, nikakatwa zote kwa mkupuo. Naogopa nikisema sana nitafukuzwa, nina watoto wawili. Nifanyeje? (Msomaji, Mwanza, Julai 2025)

Jibu: Pole na kazi, dada. Barua yako ina mambo matatu, na kila moja lina nguvu yake. La shoti umelishika vizuri. La ovataimu lina pesa nyingi kuliko unavyodhani. La likizo ndilo lenye mtego, na hapo meneja wako hajatunga kila kitu kichwani mwake.

Kabla sijaanza kusaidia wafanyakazi kwenye mashauri nilikaa miaka kadhaa ofisini nikiandaa mishahara ya watu, kwa hiyo naijua meza hiyo kutoka upande wa mwajiri. Mfanyakazi akiingia na kusema "mnanionea", mhasibu anainua macho, anampa pole, anaendelea na kazi yake. Akiingia na karatasi yenye tarehe, saa na jumla chini, mhasibu anapiga simu kwa bosi. Basi tuanze na karatasi hiyo.

Kwa sekta binafsi Tanzania Bara unaongozwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, Sura ya 366. (Ungekuwa kwenye hoteli ya Nungwi ningekujibu vingine, maana Zanzibar wana Sheria yao ya Ajira, Na. 11 ya 2005.) Sheria ya Bara inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, 9 kwa siku, siku 6. Zinazozidi hapo ni ovataimu, ambayo hufanywa kwa makubaliano, haitakiwi kupita saa 50 katika wiki nne, na hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi.

Thamani ya saa yako moja haipatikani kwa kugawa mshahara kwa siku 30 kama wengi wanavyofanya. Jedwali la sheria linataka mshahara wa mwezi ugawanywe kwa 4.333 kupata wa wiki, kisha wa wiki ugawanywe kwa saa za kawaida. 390,000 kwa 4.333 ni kama 90,000. Gawanya kwa 45, unapata 2,000. Saa yako ni shilingi 2,000, na saa ya ovataimu ni 3,000.

Zamu sita za saa 12 ni saa 72. Toa 45, zinabaki 27. Mara 3,000 ni 81,000 kwa wiki. Kwa wiki nne ni 324,000. Soma tena hiyo namba, dada. Inakaribia mshahara wako wa mwezi mzima.

Najua watakachojibu, kwa sababu nimewahi kuagizwa nijibu hivyo hivyo: "Toa saa moja ya chakula kila zamu." Ni kweli sheria inampa mfanyakazi mapumziko ya dakika 60 baada ya kazi ya saa tano mfululizo, na mwajiri halazimiki kuyalipia. Lakini ukitakiwa kufanya kazi au kuwa tayari kwa kazi wakati wa mapumziko hayo, yanalipwa. Sasa jiulize unakula wapi. Kama sahani ya wali iko chini ya kaunta, kijiko mkono mmoja na funguo ya chumba mkono mwingine, hujapumzika. Tofauti ya hoja hii peke yake ni 18,000 kwa wiki. Andika ulipokula na nani alikushikia kaunta, kama yupo.

Jibu lao la pili litakuwa kwamba hoteli ina utaratibu wa shifti ya saa 12. Utaratibu huo upo kisheria, na mfanyakazi anaweza kufanya hadi saa 12 kwa siku bila ovataimu, ila kwa makubaliano ya maandishi, tena kwa siku zisizozidi tano za wiki na saa za kawaida zisizozidi 45. Wewe unafanya siku sita. Hauingii hapo hata wakuoneshe karatasi.

Na "mshahara umejumuisha kila kitu"? Waulize umejumuisha nini na kiasi gani. Mwajiri anatakiwa kukupa maelezo ya maandishi ya mshahara wako, na slipu isiyo na mstari wa ovataimu haiwezi kugeuka ushahidi kwamba ovataimu ililipwa. Kama huna mkataba wa maandishi usikate tamaa pia: mwajiri akishindwa kuuleta mbele ya wasuluhishi, mzigo wa kuthibitisha masharti ya ajira unamwangukia yeye.

Usisahau usiku. Kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi kuna nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa, na kama saa hiyo ni ya ovataimu, asilimia hiyo inapigwa kwenye kiwango cha ovataimu. Kwako ni shilingi 100 hadi 150 kwa saa. Ndogo, lakini iweke, maana inaonesha unaijua sheria. Sikukuu ulizofanya kazi, saa zake hulipwa mara mbili.

Ushahidi wa saa zote hizo uko wapi? Kwenye daftari la makabidhiano, hilo mnaloandika "nimepokea kaunta saa 1:05 jioni, fedha taslimu kiasi fulani, funguo zote zipo", mkatia saini wawili. Karatasi ya mahudhurio mara nyingi hujazwa yote mwisho wa mwezi kwa kalamu moja. Nimeziona nyingi, wino ule ule kuanzia tarehe 1 hadi 30. Daftari la makabidhiano halidanganyi kirahisi hivyo kwa sababu lina saini za watu wawili na hela ndani yake. Usilichukue, ni mali ya hoteli. Piga picha kurasa zinazobeba saini yako, funika majina na namba za simu za wageni.

Tuje kwenye likizo. Kila mzunguko wa miezi 12 unakupa siku 28 mfululizo zenye malipo, sikukuu zinazoangukia ndani zikihesabiwa humo humo. Mwajiri ndiye anayepanga lini, kwa hiyo "subiri wageni wapungue" ni haki yake, lakini si milele. Lazima uende ndani ya miezi sita baada ya mzunguko kuisha. Anaweza kusogeza hadi miezi 12 ikiwa umekubali na kazi inadai hivyo kweli.

Mzunguko wako wa kwanza uliisha mwisho wa Februari 2024, na muda wake ukafika mwisho wa Agosti 2024. Ulichukua siku 7, zikabaki 21. Wa pili uliisha mwisho wa Februari 2025, kwa hiyo hoteli bado iko ndani ya muda hadi 31 Agosti mwaka huu. Mtego ndio huu: kuna kifungu ambacho waajiri hukishikilia, kinachosema malipo ya likizo yanaweza kupotea kama mfanyakazi hakuichukua ndani ya muda uliowekwa. Hapo ndipo "imekufa" ya meneja inapotoka. Jibu lako litategemea swali moja: hukuiomba, au uliomba ukanyimwa? Mtu aliyekaa kimya ana kazi ngumu. Aliyeomba kwa maandishi akaambiwa "msimu huu haiwezekani" ana hoja nzuri, kwa sababu mwajiri hatakiwi kufaidika na kukataa kwake mwenyewe.

Kwa hiyo pekua simu yako leo. Ujumbe wowote wa WhatsApp uliomwandikia meneja kuhusu likizo, na jibu lake hata kama ni "ngoja kwanza", uhifadhi na tarehe zake zionekane. Usibadilishe simu bila kuhamisha mazungumzo hayo. Kisha andika barua ya siku 28 za mzunguko wa pili wiki hii hii, nakala mbili, ya kwako igongwe muhuri au isainiwe na aliyeipokea. Wakikataa kupokea, ipige picha uitume kwa WhatsApp na barua pepe.

Barua isiwe ndefu. Mimi huandika hivi:

*Yah: Maombi ya likizo ya mwaka na malipo ya stahiki. Mimi, mwajiriwa wenu tangu 1/3/2023, naomba likizo ya siku 28 kuanzia tarehe … kwa mzunguko ulioisha Februari 2025. Pia naomba kuelekezwa lini nitachukua siku 21 zilizobaki za mzunguko uliotangulia, ambazo niliomba tarehe … na tarehe … . Naambatanisha mchanganuo wa ovataimu na posho ya usiku ya Mei, Juni na Julai. Naomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 7.*

Hakuna tusi, hakuna "nitawapeleka mahakamani". Barua hii siku moja itasomwa na mtu asiyewajua nyote wawili.

Kuhusu shoti sitasema mengi. Mwajiri anaweza kukata fidia ya hasara kama tu ilitokea kazini kwa kosa lako, amekuandikia sababu, kiasi na jinsi alivyokipata, na amekupa nafasi ya kupinga. Hata akitimiza yote hayo, makato hayo hayatakiwi kuzidi robo ya mshahara. Robo yako ni 97,500. Wamekata 120,000 kwa mpigo mmoja, kwa hiyo wamevunja sheria hata kama kosa lingekuwa lako. Na kama siku hiyo kaunta ilishikwa na watu watatu, kosa lako wamelithibitisha vipi? Daftari lile lile litasema.

Hofu ya kufukuzwa ninaielewa, siyo ya kudharauliwa. Sheria inasema wazi kwamba kutumia haki yako ya kisheria si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, na wewe umeshapita miezi sita ya mwanzo ambayo kinga hiyo haifanyi kazi. Ila sheria haimzuii bosi kutafuta sababu nyingine. Kwa hiyo kuanzia siku unayopeleka barua, usichelewe zamu hata dakika tano, usijibizane, usiruke taratibu za kaunta. Usisaini karatasi yenye nafasi tupu, wala ile inayosema "nimepokea stahiki zangu zote" kama hujazipokea. Na tafadhali usijiuzulu kwa hasira. Nimeona kesi nzuri zikigeuka ngumu kwa barua ya mistari miwili iliyoandikwa usiku.

Kama hutaki jina lako lianze kuonekana, nenda kwa Afisa Kazi wa mkoa. Ana mamlaka ya kuingia kazini, kukagua kumbukumbu za wafanyakazi na kutoa amri ya kumtaka mwajiri atekeleze sheria. Ukaguzi wa kumbukumbu unagusa wote mnaofanya zamu hizo, siyo wewe peke yako. Zungumza na wenzako wa mapokezi kabla, na kama hotelini kuna tawi la chama cha wafanyakazi, pitia hapo.

Wasipojibu, unapeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa Fomu Na. 1. Hulipii kitu kufungua shauri, na unaweza kwenda na wakili, kiongozi wa chama au mwakilishi uliyemchagua mwenyewe. Mwanzoni ni usuluhishi, ndani ya siku 30: msuluhishi hatoi hukumu, anatafuta mnachoweza kukubaliana. Mashauri mengi ya aina yako huishia hapo, na hapo ndipo karatasi ya hesabu inapofanya kazi, kwa sababu wakili wa hoteli anaanza kupiga ya kwake. Mkishindwana, linakwenda kwenye uamuzi.

Sasa muda. Madai yasiyo ya kuachishwa kazi yanatakiwa kufunguliwa ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipoanza. Ya kuachishwa ni siku 30. Kuchelewa ndiyo hoja ya kwanza utakayopigwa nayo, kabla hata hujaulizwa ulikula wapi. Ovataimu ya 2023 na likizo ya mzunguko wa kwanza zitahitaji maombi ya kuongezewa muda yenye sababu za maana, na "waliniahidi" peke yake huwa haitoshi. Ndiyo maana mchanganuo wako nimeuanzisha na miezi ya karibuni: hiyo ndiyo yenye mguu imara. Ya zamani iombee muda, ukijua inaweza kukataliwa.

Kwa makato ya tarehe 30 Juni, siku 60 zinaisha 29 Agosti, siku mbili kabla ya muda wa likizo yako ya mzunguko wa pili kwisha. Barua ipeleke wiki hii, siku saba zikipita bila jibu nenda CMA, na kumbuka tarehe 8 Agosti ni Nanenane, ofisi zimefungwa.