Mchezo Kukatwa Chini Si Kufa kwa Kadi ya Picha

SWALI: Fundi, asalaam aleikum. Kijana wangu yuko gredi ya saba, ana laptopu ya mtumba, skrini yake ni 1366 kwa 768. Hucheza mchezo wa vita kwenye Chrome. Tangu wiki jana mchezo umekatwa chini, kitufe cha kuanzia hakionekani, na akilenga hapa risasi inatoka pale. Fundi wa mtaani alishusha rezolusheni (idadi ya nukta za skrini), ikawa mbaya zaidi. Akatia programu inayosema draiva 37 (programu ndogo zinazoendesha vifaa vya kompyuta) ni mbovu. Sasa anasema kadi ya picha imekufa, ifomatiwe au ipelekwe Mombasa, shilingi 4,500. Nifanyeje? – Mama, Langoni, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam, Mama. Laptopu isivuke kwenda Mokowe kushika njia ya Mombasa, na hizo 4,500 zifunge kwenye pindo la leso.

Kijana afungue mchezo, ashike Ctrl na abonyeze sifuri. Kisha F5, ukurasa upakiwe upya. Mara nyingi kisa huishia hapo.

Michezo mingi ya vita hutumia Ctrl kwa kuchutama na gurudumu la mausi kwa kubadilisha silaha. Kwa brauza, yaani programu ya kufungulia tovuti kama Chrome, viwili hivyo vikienda pamoja ni amri ya kukuza au kupunguza ukurasa. Mtoto yumo vitani, hana habari kwamba ukurasa umeshafika asilimia 150. Na Chrome hukumbuka ukubwa huo kwa tovuti ile ile tu, ndiyo maana kurasa nyingine huzioni na kasoro. Ama risasi kwenda kombo, mchezo ulijipima ulipofunguka. Ukurasa ukabadilika katikati ya vita, vipimo vikabaki vya zamani. F5 huulazimisha ujipime tena.

Bado umekatwa? Rudisha rezolusheni 1366 kwa 768, kisha katika mipangilio ya skrini ya Windows tazama palipoandikwa Scale, yaani kiasi ambacho Windows hukuza kila kitu kwenye skrini. Nyingi nizionazo hapa Malindi zimewekwa asilimia 125. Gawanya kimo cha pikseli (nukta) 768 kwa 1.25, unapata kama 614. Toa ukanda wa chini wa Windows, toa vichupo na sehemu ya anwani kule juu, umebaki na 500 hivi, pengine pungufu. Mchezo uliochorwa kwa kimo cha 600 utaingia wapi? Weka asilimia 100, au bonyeza F11 brauza itwae skrini nzima. Na huyo aliyeshusha rezolusheni kutibu mchezo uliokatwa ni kama anayepunguza kitambaa kwa sababu kanzu imekuwa fupi. Ukitoka 768 ukaenda 720, umetupa pikseli 48 ulizokuwa unazihitaji.

Sasa hiyo kadi ya picha. Ninachoka, Mama. Kadi haijui mchezo ni upi na barua pepe ni ipi. Yenyewe hupaka kila nukta ya skrini. Ikiugua, utaona mistari, rangi zilizochafuka, skrini kuzima ghafla, tena popote, hata ukiwa unaandika barua tu. Haiugui kwa kitufe kimoja cha mchezo mmoja kwenye tovuti moja. Ukitaka ushahidi, fungua mchezo huo huo kwenye brauza nyingine, kama Firefox. Ukikaa sawa, huyo mganga hana kesi.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kufomati "huponya". Ndiyo, huponya, kwa sababu hufuta kila kitu, pamoja na kumbukumbu ya Chrome kwamba tovuti ile ilikuwa asilimia 150. Mteja anaona mchezo umekaa sawa, anamsifu fundi, analipa. Kazi ya vitufe viwili imelipwa kwa picha za harusi za familia nzima. Hata huyo kijana angelia, maana michezo mingi ya brauza huweka hatua za mchezaji ndani ya brauza yenyewe. Futa data za brauza, anaanza ngazi ya kwanza. Nimeletewa mashine zilizofomatiwa mara tatu kwa mwaka kwa ugonjwa huu huu. (Laptopu za pwani zina maadui wa kweli, chumvi ya hewani ikiwa wa kwanza, lakini chumvi haikuzi ukurasa.)

Na draiva 37! Zingekuwa mbovu kweli zote hizo, sidhani kama ungeweza hata kuandika swali hili. Programu za aina hiyo hutaja idadi ya kutisha kwenye kila mashine, iwe nzima au mbovu, kisha huomba pesa ili "zitengeneze". Iondoe leo. Draiva za kawaida Windows huzileta yenyewe.

Programu hiyo ina ndugu wengi. Mtoto akitafuta dawa ya mchezo kukatwa, atakutana na vibonyezo vinavyong'aa: pakua hiki, sasisha Flash Player. Flash ni programu ya zamani ya kuchezea michezo na video kwenye brauza; Adobe, kampuni yake, iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na tangu 12 Januari 2021 ikaizuia isicheze chochote. Hakuna toleo jipya la kupakua. Tovuti inayokuambia usasishe Flash leo inakuuzia kirusi, na ukubwa wa mchezo utabaki ule ule. Kama mtoto ameshabonyeza, hapo sasa kuna kazi ya fundi, na kwanza abadilishe nywila ya barua pepe akitumia simu, si laptopu hiyo.